Mitambo Saba ya Lihangweni

Kosa lilikuwa langu, ingawa kwa muda fulani kijiji kizima kiliamini kuwa ni la Mama Rodrick.

Wakati huo nilikuwa afisa biashara wa wilaya, na mezani kwangu kulikuwa na barua ya kampuni iliyotaka kujenga kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka, ile inayokorogwa tu kwenye maji ya moto. Walikuwa wameandika katika mikoa mitatu. Barua ilifuatana na fomu ya kurasa nne, ya kujazwa kwa kila kijiji chenye kahawa ya kutosha. Umbali hadi barabara ya lami. Umeme, na kama ni wa njia tatu, ule wa kuendeshea mashine kubwa. Maji ya kiangazi. Watu wenye umri wa kufanya kazi. Na katika ukurasa wa tatu, idadi ya mitambo iliyopo.

Nilifika Lihangweni mwezi wa Desemba nikitokea Litumbandyosi, nimechoka, viatu vizito kwa tope. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa msibani. Aliyenipokea ni mwenyekiti wa kitongoji, mama wa miaka sitini na sita aitwaye Hildegardi Kinunda, ambaye watu wote humwita Mama Rodrick. Mvua ilipiga bati la ofisi kwa nguvu hata tukaongea kwa kupaza sauti, kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

"Mama, hapa kijijini mna mitambo mingapi?"

"Saba!"

"Yote inafanya kazi?"

"Sita! Ule wa akina Kapinga umelala. Wenyewe wamehamia Songea."

"Ni ya zamani?"

"Ya zamani sana, mwanangu. Imetulisha tangu mababu."

Nikaandika: saba, inayofanya kazi sita, ya zamani. Nilidhani ni mashine za kumenya kahawa na vinu vya kusagia mahindi, labda vingine vya enzi za chama cha ushirika. Ningeweza kusubiri mvua ikatike nikatoka kuiona. Sikusubiri. Mimi ni mtu wa Ngumbo, kule chini ziwani. Lugha ya nyumbani kwetu ni Kinyasa, na baada ya miaka tisa ya kazi milimani, Kimatengo nilikuwa najua salamu tu.

Kabla sijaondoka Mama Rodrick alinishika mkono. Ana viganja vipana, vigumu, na kidole gumba cha kulia kimepinda kwa kufuata mpini wa jembe. Aliniuliza kiwanda hicho kikija kitaajiri watu wangapi. Nikamwambia labda mia mbili.

"Mmoja tu ananitosha," akasema.

Huyo mmoja alikuwa mwanawe, Rodrick. Binti zake waliolewa, mmoja yuko Tingi, mwingine mbali zaidi. Rodrick, mdogo wao, aliondoka miaka minane iliyopita, na sasa anafanya kazi mkoa wa Pwani, katika kiwanda cha ndoo za plastiki. Baba yake, marehemu Vitalis, alipofariki, Rodrick alikuja kuzika, akakaa siku tano, akarudi. Kila mama yake alipompigia simu kumwomba arudi nyumbani, jibu lilikuwa lilelile: "Mama, siwezi kurudi kushika jembe tu. Kiwanda kikija huko, siku hiyohiyo naomba kazi."

Ili kuelewa kwa nini alimhitaji, ni lazima kujua kilimo chao. Wamatengo wanalima kwenye miteremko ambayo mtu wa ziwani kama mimi huipanda kwa mikono na miguu. Mvua zinapokaribia kwisha, mwezi wa Machi, mwanamume hufyeka majani, huyaacha yakauke, kisha huyalaza kwa mistari inayokatizana mpaka mlima unakuwa na miraba. Hapo anaingia mwanamke na jembe. Huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya majani pembeni, kinabaki kishimo kilichozungukwa na tuta. Hicho ndicho kinaitwa ngolo. Juu ya tuta wanapanda maharage, na msimu unaofuata mahindi. Majani yanaoza chini kwa chini yakawa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii. Yanaingia kishimoni, yanakaa, yanazama taratibu.

Tangu Vitalis afariki, Mama Rodrick alifanya kazi zote mbili, ya mwanamume na ya mwanamke. Mwaka wa kwanza aliacha ukanda mmoja wa juu bila ngolo. Mwaka wa pili, kanda mbili. Mwaka wa nne alikuwa ameacha karibu theluthi ya shamba. Kila asubuhi akitoka nje aliuona, ng'ambo ya kijito, mteremko wa akina Kapinga ambao haukuchimbwa kwa miaka sita. Ulikuwa umechanika katikati. Korongo lililoanza kama mfereji wa kuku kuogea sasa lingemeza nyumba. Alijua kwamba na wake una miaka michache tu.

Mwezi wa Februari kampuni ilijibu. Katika vijiji vyote vya wilaya yetu ilikuwa imechagua kimoja cha kukaguliwa, na ni Lihangweni. Barua ilisema wazi sababu: kahawa ipo, maji yapo, na "kijiji tayari kina mitambo saba." Kijiji kingine cha kukaguliwa kilikuwa ufukweni, wilaya ya Nyasa, si mbali na kwetu. Cha tatu kilikuwa mkoa mwingine, penye reli.

Niseme ukweli kwamba moyoni niliombea kile cha ufukweni. Mama yangu bado anaanika dagaa kule Ngumbo, na wadogo zangu wametawanyika kutafuta kazi. Lakini barua niliipeleka Lihangweni mwenyewe. Kanisani ilisomwa pamoja na matangazo ya ndoa. Mama Rodrick alimpigia mwanawe, na kwa mara ya kwanza Rodrick hakusema "siwezi." Alisema, "Wakishakagua tu, nijulishe. Nitaaga huku."

Mkaguzi akaja wiki ya mwisho ya Machi. Gari letu la ofisi liliendeshwa na Mansuetus, mtu wa Mbinga, ambaye hajawahi kunyamaza kilomita mbili mfululizo. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa Injinia Henry wa kampuni, mwenyeji wa Tanga, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kofia ya manjano ambayo hakuivua hata garini. Usiku uliotangulia mvua ilinyesha bila kupumzika.

"Bi Afisa," Mansuetus akanichokoza tukipanda mlima, "leo ukiteleza tutakurudisha ziwani kwa fadhila za mvua. Mnyasa akiona mteremko anatafuta kasia."

"Na Mmatengo akiona maji yanayozidi magoti anatafuta padri," nikamjibu.

Injinia akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa saa kadhaa.

Mama Rodrick alitusubiri mbele ya ofisi ya kijiji akiwa amevaa kitenge kipya na kilemba cha Pasaka. Nyuma yake walikuwa watu kama arobaini.

"Shikamoo, mama," Injinia akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu Lihangweni. Umeshindaje na barabara yetu?"

"Imenishinda yenyewe, mama. Naomba tuanze na mitambo. Nikishaiona nitapima maji."

"Twende. Ila hivyo viatu vyako vitalia."

Tukapanda. Nilishangaa kwamba tunaiacha njia ya gari, tunapita katikati ya mibuni, tunazidi kwenda juu ambako hakuna hata nguzo ya umeme. Injinia alikuwa anahema, mkononi ameshika fomu yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Tukatokea kwenye jabali moja lililo wazi. Mama Rodrick akasimama, akanyoosha mkono, akaanza kuhesabu kwa fahari.

"Ule wa kwanza ni wa akina Nchimbi. Unaofuata, wa akina Hyera. Ule wenye miti ya milonge, wa akina Mapunda. Huu tuliosimama ndio wetu, wa akina Ndunguru, ukoo wa marehemu mume wangu. Kule mwisho miwili, ya ndugu wawili wa ukoo wa Mbele. Na ule uliochanika ni wa akina Kapinga. Saba."

Injinia aliangalia milima. Akaangalia fomu. Akaangalia tena milima.

"Mama, mitambo iko wapi?"

"Si hii?"

Mansuetus ndiye aliyeelewa kabla yetu. Alianza kama mtu aliyepaliwa, kisha akakaa kwenye jiwe, akashika tumbo, machozi yakamtoka.

"Ntambo!" akasema alipoweza. "Bi Afisa, umetumaliza! Kwa Kimatengo ntambo ni mgongo wa mlima, toka kijito hadi kijito, ardhi ya ukoo mmoja. Ukiwa mmoja, ntambo. Ikiwa mingi, mitambo! Wewe umemuuliza mama mna milima mingapi, naye kakujibu. Sasa mzungu wa kampuni huko aliko amekaa anasubiri mashine saba!"

Watu waliotufuata walicheka kwanza, maana kuchekesha kulichekesha. Kisha kicheko kikafa, mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyoelewa maana yake. Mzee Bernadi, mtu wa maneno makali, akasema bila kushusha sauti, "Basi ndiyo yamekwisha. Mwenyekiti wetu ametuuzia mlima kwa jina la mashine."

 Mama Rodrick alinigeukia mimi. Sijawahi kuangaliwa hivyo, na natumaini sitaangaliwa tena. "Nilidhani kampuni inataka kujua kama tunajua kulima," akasema polepole. "Nikasema moyoni, hawa ni watu wa maana, wameanza na ardhi."

Niliwaambia wote pale kwamba mwandishi wa fomu ni mimi, kosa ni langu, mama alijibu alichoulizwa. Sidhani kama Mzee Bernadi alisikia.

Injinia Henry alivua kofia yake, akakaa karibu na Mansuetus. "Nimesafiri siku mbili," akasema, si kwa hasira, bali kama mtu anayejieleza mwenyewe.

Mama Rodrick naye akakaa. Akakunja kitenge chake kipya magotini, akauliza, "Mwanangu, hebu niambie. Mtoto wangu anatengeneza ndoo huko Pwani. Plastiki haioti Pwani. Kwa nini viwanda vyote vinakwenda kule?"

"Bandari, mama. Malighafi inashuka melini, inaingia kiwandani siku hiyohiyo. Umeme haukatiki sana. Wanunuzi wako karibu. Lakini zaidi ya hayo, kiwanda hakipendi kuwa cha kwanza. Mashine ikifa saa nne asubuhi, unataka fundi aliyeko mtaa wa pili, siyo aliyeko safari ya siku mbili. Unataka mahali penye watu waliokwishazoea mashine. Kwa hiyo kiwanda kinafuata kiwanda. Waliposoma mitambo saba, ndiyo maana walisimama hapo."

"Kumbe ni kama kuku," akasema Mama Rodrick. "Mmoja akidonoa mahali, wote wanakimbilia hapohapo, hata kama punje iko kwingine."

"Ndivyo, mama."

"Na kuku wa kwanza, nani alimwita?"

Injinia alifikiri. "Meli," akasema.

Mama Rodrick akainamisha kichwa. Nilijua anachofikiri. Meli haitafika Lihangweni kamwe, na kwa hiyo Rodrick naye hatafika.

"Basi upime maji uende," akasema. "Usije ukasema umekuja bure."

Tukashuka hadi chini, mahali ambapo vijito viwili vinakutana. Kimoja kinatenga ntambo wa akina Ndunguru na majirani zao. Kingine kinatoka upande wa akina Kapinga. Nilikuwa nimevipita vijito kama hivyo maisha yangu yote. Siku ile, baada ya mvua ya usiku kucha, niliviona.

Cha akina Kapinga kilikuwa rangi ya chai ya maziwa, kinabeba vijiti na povu. Cha Mama Rodrick kilikuwa kiangavu. Changarawe za chini zilihesabika moja moja. Na pale vilipokutana, chini ya mwamba mmoja, havikuchanganyika mara moja. Viliteremka sambamba ndani ya mkondo mmoja, upande mweupe na upande wa tope, kwa hatua ishirini au zaidi, mchanganyiko ukianzia katikati kama uzi.

Injinia alichuchumaa. Alitoa chupa mbili za maji ya kunywa, akamwaga yaliyokuwemo, akachota kila upande. Akaziinua juu. 

"Mvua ni ileile?" akauliza.

"Ni ileile," akajibu Mama Rodrick. "Kwani mvua ina ukoo?"

"Mlima ni uleule?"

"Ni uleule. Huu una ngolo. Ule hauna."

"Kiwanda chetu," Injinia akasema, akimwambia nani sijui, "kitalazimika kununua mtambo wa kuchuja maji mkubwa kuliko lile kanisa lenu. Na utatoa maji kama haya." Alitikisa ile chupa ya maji ya Mama Rodrick. Haikuwa na cha kutikisika.

Akaomba kurudi juu. Viatu vyake vililia kweli, lakini alitaka kuona tena. Safari hii hatukutafuta kitu, tukaangalia. Mteremko mzima mbele yetu ulikuwa vishimo maelfu, vimepangwa kama sega la nyuki, kila kimoja kina maji kidogo yanayong'aa kwa anga lililokuwa linafunguka. Kila kimoja kimechimbwa na mwanamke kwa jembe, tena na tena, kwa miaka ambayo hakuna anayeijua idadi. Nilijaribu kuwaza mikono hiyo yote, nikashindwa. Nikahisi kimo changu kimepungua, na halikuwa jambo baya.

Mawingu yalipogawanyika upande wa magharibi, ziwa likatokea. Lilikuwa mbali, chini sana, la buluu iliyopauka.

"Maji haya yanakwenda wapi?" nikamuuliza Mama Rodrick, ingawa nilishajua.

"Yanakwenda kwenu."

Mama yangu ana usemi wake. Mwaka ambao mito inaleta tope na dagaa wanahama ufukwe, husema, "Mwaka huu mlima umelia." Nilikua nikidhani ni maneno ya wazee tu. Maji niliyoogeshewa nikiwa mtoto, maji tuliyosongea ugali wa muhogo, yalikuwa yamepita kwanza katika vishimo vya wanawake hawa, yakakaa, yakatulia, kisha yakaruhusiwa kuendelea. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu na sikuwahi kumshukuru mtu.

Jibu la kampuni lilikuja mwezi wa Juni. Kiwanda kitajengwa mkoa ule mwingine, penye reli. Sababu ziliorodheshwa kwa adabu: umeme wa Lihangweni si wa njia tatu, kilomita kumi na moja za mwisho si lami, mafundi wako mbali. Ufukweni nako walikataa. Kahawa wataendelea kuinunua kwetu na kuisafirisha. Pamoja na barua ilikuja nakala ya taarifa ya Injinia.

Nilipanda nayo Lihangweni. Nilimkuta Mama Rodrick anaanika maharage uani. Watu walikuwa wamempachika jina, Mama Mitambo, na watoto walimwita hivyo kwa nyuma kisha wakakimbia. Nilimsomea barua yote. Alisikiliza bila kuacha kuchambua, na mwisho akasema, "Basi. Rodrick amepata sababu yake."

"Kuna hili pia, mama." Nikafungua ukurasa wa tatu wa taarifa. Nilitarajia kukuta idadi ya mitambo imekatwa na kuandikwa sifuri. Haikukatwa. Nikasoma: "Mitambo iliyopo, saba. Inayofanya kazi, sita. Kazi yake, kushika mlima na kusafisha maji. Hali ya mtambo wa nne, theluthi imesimama kwa kukosa mtu. Usipohudumiwa utazimika ndani ya miaka mitatu."

Mikono yake ikaacha maharage.

"Rudia hapo kwenye wa nne."

Nikarudia.

"Ameandika hivyo? Injinia? Kwa mashine ya kampyuta?"

"Kwa kompyuta, mama, na sahihi yake hii hapa."

"Ipige picha hiyo karatasi," akasema. "Umtumie Rodrick. Usimwandikie neno lingine. Usiseme kiwanda kimekataa. Hiyo karatasi tu."

Nikatuma. Alama mbili zikatokea, zikageuka buluu. Tulikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye maharage, na hakuna jibu lililokuja. Nilimuaga nikiwa nimejaa aibu ileile ya Machi.

Habari niliipata kwa Mansuetus, mwaka uliofuata. "Bi Afisa, lile kosa lako limeshuka kwenye basi la Songea jana. Lina begi moja."

Nilipata nafasi ya kupanda wiki tatu baadaye, siku ya Jumamosi. Rodrick ni mrefu kuliko nilivyomwaza, na mikono yake ni laini isipokuwa kovu moja la kuungua kiganjani. Alikuwa amechukua likizo ya siku ishirini na nane. Majani alishafyeka na yalikuwa yamekauka. Sasa alikuwa anayalaza mistari kwenye ukanda wa juu kabisa, ule ulioachwa mwaka wa kwanza, na mama yake alimfuata kwa nyuma na jembe.

"Huo mstari umepinda kama njia ya mlevi!" mama akapiga kelele. "Huko Pwani ndoo mnazitoa zimekaa upande?"

"Huko kuna kibao cha kupimia, mama."

"Hapa kibao ni baba yako. Mkumbuke alivyokuwa anasimama."

Rodrick alisimama, miguu imeachana, akatazama chini ya mteremko kwa jicho moja. Akaurudia mstari. Ulinyooka.

Nilimsalimia nikamuuliza, kwa kuwa nilitaka kujua na niliogopa kujua, likizo inaisha lini.

"Jumanne ijayo."

Mama yake hakuinua kichwa. Jembe lilipanda na kushuka, udongo mweusi ukaangukia majani.

Rodrick akalaza konzi nyingine ya majani, akaikanyaga. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya kijito, kwenye lile korongo.

"Ule wa akina Kapinga," akasema. "Mtu akitaka kuuwasha tena, anaomba kwa nani?"

Jembe likasimama hewani kidogo. Halafu likaendelea, haraka kuliko mwanzo.